Tafuta Kwanza pa Kulala

Mnakuja hapa jioni mkitoka kupeleka majani ya chai kituoni, mnajipanga kwenye ukuta wangu, mnaanza: "Mzee, si utupigie stori za ziwani?" Nami nawaambia nimechoka. Mnacheka, mnadhani ni maringo ya uzee. Nimechoka kweli, vijana. Mgongo umechoka kuvuta nanga, macho yamechoka kutazama maji yanayometameta, na ulimi umechoka kujibu swali lile lile: mtu wa Gesima, aliyezaliwa kati ya chai na migomba, alifikaje kwenye tanga? Leo nitajibu mara moja tu, kisha mniache nikalale. Na ninajibu kwa sababu ya jambo lililonipata msimu huu, ambalo bado limenikaa kifuani.

Sikufika ziwani kwa kupenda maji. Nilifika nikisindikiza ndizi. Nilikuwa mpakiaji wa mikungu kwenye lori la Bwana Salim, mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Kisii, aliyenunua ndizi huku kwetu na kuziteremsha hadi Kendu Bay. Pale zilihamishiwa kwenye mashua yake ya tanga na kupelekwa Mfangano, kisiwa ambacho kina mawe mengi kuliko migomba. Siku moja baharia mmoja hakutokea. Bwana Salim akanikagua toka juu hadi chini, akasema, "Wewe uko na mabega. Ingia." Nikaingia. Nilitapika mpaka Homa Bay, na humo ndani ya mashua nikaja kutoka nikiwa na mvi.

Nahodha alikuwa Mzee Okelo, Mjaluo wa Kendu, mtu mkali wa maneno machache, aliyetuona sisi watu wa milimani kama mbuzi waliopotea njia. Kazi yangu ya miaka yote, yaani kupanga safari, alinifunza yeye. Asubuhi ya kwanza nilimuuliza kwa ule ujuaji wa ujana, "Mzee, tutafika Mfangano lini?" Alimaliza chai yake kwanza.

"Hiyo si swali," akasema. "Swali ni, leo tutalala wapi? Tafuta kwanza mahali ya kulala. Mahali ya kwenda itangoja."

Nilidhani ni uvivu. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Safari ya tanga kando ya ufuo haipangwi toka mwanzo kwenda mwisho, inapangwa toka jioni kurudi nyuma. Unajiuliza: jua likikaribia kuzama, nataka nanga yangu iwe imeshika wapi? Ukipata jibu, unahesabu kurudi nyuma mpaka saa ya kung'oa nanga. Ukiona huwezi kufika pale kukiwa bado na mwanga, unachagua mahali pa karibu zaidi na kuvumilia matusi ya mwenye ndizi. Matusi hayatoboi mashua.

Upepo wa ziwani ni kama mfanyakazi mwenye zamu mbili. Asubuhi unashuka toka nchi kavu kwenda majini, na ukitoka Kendu unakusukuma vizuri kuelekea magharibi. Karibu na adhuhuri unakufa, tanga linaning'inia, mnabaki mnatazamana tu. Alasiri unarudi toka ziwani, sasa ukiwapiga usoni. Kwa hiyo mahali pa kutia nanga lazima pakukinge na huo wa alasiri na pia ule wa alfajiri. Vijana wengi huangalia mmoja tu. Wanaingia kwenye ghuba alasiri, maji yametulia, wanapika ugali wao wakicheka. Alfajiri wanaamshwa na mashua ikigonga mawe.

Halafu lazima ujue chini kuna nini. Mzee Okelo alikuwa na bildi, ile kamba yenye kipande cha risasi mwishoni cha kupimia kina, na chini ya risasi alipaka sabuni ya mche. Unaitupa, unaivuta, unatazama sabuni imeleta nini. Ikileta matope, mshukuru Mungu, nanga itazama na kushika. Ikileta mchanga, ongeza urefu wa kamba. Ikirudi haina kitu ila mikwaruzo, chini ni mwamba, ondoka hapo hata kama mahali penyewe panapendeza kama picha ya kalenda. Nilipotumwa mara ya kwanza kununua hiyo sabuni, nilileta ya kuogea, ile ya kunukia, kwa kumheshimu nahodha. Iliyeyuka yote kabla haijagusa chini. Mzee Okelo alinusa kamba, akanigeukia polepole. "Leo samaki wote wanaenda harusi," akasema.

Magugu maji nayo msiyasahau. Hayamo kwenye ramani yoyote kwa sababu yanatembea. Upepo ukiyasukuma yanaingia kwenye ghuba kama ng'ombe wanaoingia zizini, na ninyi mkiwa ndani ndio mmefungiwa hivyo. Tulifungiwa wakati mmoja mpaka ndizi zikaiva mikononi mwetu. Tulizila asubuhi, tukazila mchana, tukagawia wanawake waliokuja kuchota maji, na tukarudi kwa Bwana Salim na mashua ya maganda. Tangu hapo sijalala kwenye ghuba ambayo mdomo wake unatazama kule upepo unakotoka.

Lakini upepo na magugu ni afadhali. Watu ndio wagumu. Kuna safari moja Bwana Salim aliamua kuja nasi mwenyewe aone kwa nini tunachelewa. Ijumaa adhuhuri akataka tutie nanga apate kuswali msikitini. Tulitia. Kabla hatujaondoka jua likaelekea kuzama, na Mzee Okelo, Msabato wa damu, akakunja mikono: tanga halitwekwi mpaka Sabato iishe. Jumapili asubuhi mimi, niliyekuwa bado Mkatoliki, nikasikia kengele ya kanisa juu ya kilima, nikaomba ruhusa nikasali. Nadhani hata viboko walituzoea mahali pale. Bwana Salim hakunikemea. Aliniita pembeni akasema, "Kuanzia leo wewe ndiye utapanga hii safari. Panga mpaka Mungu aturuhusu kufika." Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo. Baadaye nilioa Msabato nikawa Msabato, na ikapungua siku moja.

Kwa Wasabato, mahali pa kutia nanga Ijumaa ndipo muhimu kuliko pengine pote, kwa sababu utakaa hapo hadi Jumapili alfajiri na upepo hauna habari kwamba ninyi mnaabudu. Pangu palikuwa Jikoni. Hamtapaona kwenye ramani, jina tulilitoa sisi wenyewe. Ni ghuba ndogo upande wa kaskazini wa kisiwa cha Rusinga, mwamba huku, mwamba kule, matope mazuri chini. Tulipaita Jikoni kwa sababu hata ziwa likichafuka vipi, pale ungeweza kuwasha jiko ndani ya mashua na moto usiyumbe. Juu yake palikuwa na kanisa na watu wakarimu. Nimelala Jikoni Sabato nyingi sana, na nikiota usingizini mpaka leo, mara nyingi naota niko pale.

Sasa niwaambie jambo ambalo wenzetu wa ziwani walikuwa wakilicheka. Ninyi mnaijua chinsoni, hata kama siku hizi mnaibeba kwa mkono mmoja. Ni ile heshima ya mbali kati ya baba na mtoto aliyeoa, na zaidi kati ya baba na mke wa mwanawe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hampi mkono mkaza mwana wake, hakai naye karibu, na mkaza mwana hambishii. Nchi kavu jambo hilo lina nafasi, kila mtu ana mlango wake. Kwenye mashua hakuna mlango. Mnalala chini ya turubai moja, mnaoga kando ya ubao mmoja. Mabaharia wangu niliwapanga kwa kufuata koo zao kabla sijafuata nguvu zao. Mzee Okelo alisema ni sisi tu tunaoweza kuzamisha mashua kwa adabu.

Ndiyo maana niliacha kazi mapema kidogo. Bwana Salim alipochoka na biashara ya ziwani aliniuzia mashua, nikaiendesha na mwanangu Nyakundi. Nyakundi akaoa Kwamboka, na hapo ikawa hatuwezi tena kulala chini ya turubai moja. Mashua ni moja, mmoja wetu ilibidi ashuke. Nilishuka mimi. Kwamboka, ambaye ni mtoto wa wachuma chai wa kule Itumbe, akawa anaenda na mumewe, mwanzo kupika, baadaye kushika kamba, mwishowe kushika usukani. Mimi sikukanyaga mashua tena. Ziwa likaja kupanda, mkasikia kwenye redio jinsi lilivyomeza gati na mashamba ya watu, nami pia nilisikia kwenye redio.

Msimu huu Nyakundi aliteleza kwenye ngazi za shamba la chai akiwa na gunia mgongoni, akavunjika mguu. Ndizi zilikuwa tayari, wanunuzi wa Mfangano wakipiga simu. Tulikaa tukidhani safari imekufa. Ndipo mke wangu akaja na ujumbe, maana yeye ndiye daraja kati yangu na Kwamboka.

"Msichana anasema ataenda," akaniambia.

"Ataenda na nani?"

"Na wale vijana wawili wa Mzee Okelo. Anasema njia anajua. Lakini mumewe ndiye alikuwa anachagua mahali ya kulala, na mumewe anasema hiyo alitoa kwako. Anaomba umuonyeshe."

Nilikataa. Nikasema ziwa si shamba la mboga. Mke wangu akanipa chai, akakaa kimya, na kukaa kwake kimya mnakujua. Jioni nikakubali, nikiwa nimechoka hata kabla ya kuanza.

Utamfundishaje mtu usiyeweza kukaa naye? Tulifanyia somo kwenye migomba nyuma ya nyumba, penye matuta. Mimi nilisimama tuta la juu, yeye tuta la chini, mke wangu akikaa kando anapura maharage ili watu wasiseme. Nilipanga ufuo wote chini kwa magamba ya migomba: hapa Kendu, hapa milima ya Homa, hapa ghuba ya Homa Bay, hapa Rusinga, kule mbali Mfangano. Penye Jikoni niliweka figa, jiwe zima lililotoka mekoni, ili asipasahau. Kwamboka alishika ungo. Ungo ndio ulikuwa mashua.

"Alfajiri," nasema toka juu, "upepo unatoka wapi?"

Anaonyesha, bila kunitazama usoni.

"Adhuhuri?"

"Imekufa, tata," anajibu, akiniita baba kwa heshima.

"Alasiri umefika hapo kwa milima. Unaingia?"

"Siingii, tata. Mdomo inaangalia upepo."

Majirani walichungulia ua. Mmoja alimuuliza mke wangu kama nimeanza kurukwa na akili. Lakini niwaambie, alikuwa mwanafunzi mzuri. Alitembeza ule ungo kutoka gamba hadi gamba bila kukosea, akisimama penye kulala na kuondoka saa inayofaa. Mahali pawili pengine alisema kwa sauti ya chini, "Hapo sasa ni maji, tata, shule imehama," nami nikasogeza gamba, nikinuna kidogo.

Tulipofika kwenye figa alisimama. Alisimama muda mrefu, ungo mikononi, macho kwenye lile jiwe.

"Hapo ni Jikoni," nikasema. "Ijumaa unalala hapo, Sabato unakaa hapo. Usitafute pengine. Nimelala hapo maisha yangu yote. Umeelewa?"

"Ee, tata."

"Utalala hapo?"

"Ee, tata."

Nikaridhika. Nikarudi ndani nikalala mchana kama mtu aliyemaliza kazi. Aliondoka Jumatano na mikungu yake.

Ijumaa nilienda Masimba kununua dawa ya ng'ombe. Kule kuna mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, hutoka Rusinga kila wiki na mzigo wake, tunafahamiana tangu nikiwa nahodha. Tukasalimiana, nikajigamba kidogo, nikamwambia mke wa mwanangu leo analala Jikoni. Yule mama aliacha kupima omena.

"Jikoni gani? Ile ya mawe mbili?"

"Hiyo hiyo."

"Uuwi, mzee! Maji ilipanda ikafunika miti yote pale. Miti imesimama ndani, huoni kitu. Mashua ya ndugu yangu ilitobolewa hapo, watu waliogelea mpaka wakatapika. Hakuna mtu analala Jikoni siku hizi."

Sikumbuki kama nililipia ile dawa. Nilitoa simu nikampigia Kwamboka, nikasikia yule mwanamke wa kwenye simu akisema mteja hapatikani. Bila shaka hapatikani. Akiwa safarini simu huifunga kwenye plastiki na kuizima, na hilo nilimfundisha mumewe mimi mwenyewe. Niliendelea kupiga hadi nikafika nyumbani. Jua likazama, Sabato ikaingia, na nikajua sasa haitawashwa mpaka kesho jioni. Ameingia pale, nikajiambia. Nimemwambia aingie, na mkaza mwana hambishii baba mkwe wake.

Niliona taa kwenye dirisha la Nyakundi. Nikaanza kwenda, nikarudi. Ningemwambia nini mtu aliyelala na mguu wa plasta, hawezi kwenda popote? Mke wangu pia sikumwambia. Nilikula chakula nilichopewa, nikasema ni kitamu.

Sabato ile sitaisahau. Nilikaa kanisani nimevaa koti, kitabu cha nyimbo kikiwa wazi mbele yangu, nikaimba. Kila wimbo ulionekana kuwa na maji ndani yake. Mzee wa kanisa aliniuliza mashua iko wapi wiki hii, nikamjibu iko salama kwa neema ya Mungu. Nilimwona Kwamboka mbele ya macho yangu, vijana. Nilimwona na ule ungo, akisimama mbele ya figa. Alijua. Yule msichana amepita pale na mumewe miaka yote hii, alijua miti iko chini ya maji. Alisimama pale akitafuta njia ya kuniambia, na mimi nikamuuliza swali ambalo kwa mila zetu lina jibu moja tu. Nikaliuliza mara mbili.

Jua lilipoanza kwenda sikuweza tena. Nilienda mpaka mlangoni kwa Nyakundi, nikasimama nje kama inavyotakiwa. Mlango ulikuwa wazi, yeye kalala kwenye kochi ndani, mguu juu ya mto.

"Nyakundi."

"Tata. Sabato njema."

"Mwanangu, nimemtuma mke wako mahali pa kufa."

Akainuka kwa viwiko. "Umesema nini?"

Nikamwambia yote. Masimba, miti, Jikoni. Nilianza vizuri, nikamalizia nikilia, na sikuona haya. Nyakundi alinitazama kwa mshangao ambao sikuuelewa, kisha akaficha uso kwa kiganja.

"Tata," akasema, "hakwenda Jikoni."

"Unasema?"

"Jana aliwasha simu kidogo tu kabla Sabato iingie, akanitumia meseji, akazima. Amelala mbele kidogo, kuna mahali tulianza kutumia maji ilipopanda. Yuko sawa. Hata mama anajua."

"Mama anajua! Na mimi je?"

Nyakundi alikuna plasta yake. "Uliambia Kwamboka alale Jikoni, tata. Akasema ee. Sasa tungekuambia aje kwamba amekukataa? Alisema tunyamaze mpaka arudi. Hatukujua unaogopa. Jana ulikula ukasema chakula ni tamu."

Nilishika mwimo wa mlango. Mzigo ulinitoka na hasira zikaingia, hasira zikatoka, nikabaki na uchovu tu, ule wa kutaka kukaa chini popote. Hawakuniambia kwa kuniheshimu. Mimi sikuwaambia kwa kuwahurumia. Siku nzima tumekula chungu kimoja cha maharage, kila mtu na siri yake, wote tukiwa na adabu nzuri kabisa.

Hapo simu ya Nyakundi ikalia kwenye kochi. Jua lilikuwa limezama, Sabato imetoka, Kwamboka amewasha yake. Nyakundi alisema maneno mawili matatu ya Kigusii kwa haraka, nikasikia jina langu. Kisha akafungua sauti. Mimi siwezi kuingia, yeye hawezi kusimama. Akaiweka simu sakafuni, akaisukuma kwa mkongojo wake, taratibu, ikateleza kwenye saruji mpaka kizingitini. Nikapiga magoti nje, nikaisogelea bila kuvuka.

"Tata," sauti ikatoka chini. Nyuma yake nilisikia maji yakipigapiga ubao. Miaka mingi sijasikia hiyo. "Tata, sikulala Jikoni. Nimekukosea."

Nilikuwa na maneno mengi. Likatoka la kazi.

"Nanga imeshika?"

"Imeshika, tata."

"Sabuni ilileta nini?"

"Matope. Nyeusi."

"Na upepo wa alfajiri?"

"Kuna kilima. Ilipita juu, hatukuisikia."

"Basi," nikasema. "Basi, mama. Umelala vizuri."

Nikasikia anapumua kwa nguvu, halafu mmoja wa vijana wa Mzee Okelo akauliza kitu, akamjibu kwa ukali wa nahodha kwamba angoje.

Alifika Mfangano, akauza, akarudi. Sitaki kuwachosha na hayo. Mnaniuliza kila jioni mimi najua nini kuhusu ziwa, na nimewaambia: upepo wa zamu mbili, sabuni ya mche, magugu, Ijumaa. Yote hayo bado ni kweli, yatumieni. Lakini mahali nilipopajua mimi pamezama. Nawaambia bila furaha, maana nilipapenda. Na mkija kuwa wakubwa wa watu, mkamuuliza mtu ambaye analazimika kuwaheshimu, msiende kulala mchana kwa sababu amesema ndiyo. Mtafutieni kwanza mahali pa kusemea hapana.

Juzi Kwamboka alikuwa akijiandaa kwa safari nyingine, mguu wa Nyakundi bado. Nilimwambia mke wangu amwite kwenye migomba. Magamba yalikuwa bado yamepangwa, mengine yamekauka, na figa mahali pake. Safari hii nilitangulia kushuka nikasimama tuta la chini. Kwamboka alipofika akasita, akamtazama mke wangu, akapanda tuta la juu. Ungo nilikuwa nimeushika mimi.

"Nionyeshe," nikasema. "Unalala wapi?"

Akaanza Kendu. Nikatembeza ungo kama alivyosema, gamba hadi gamba, nikijibu ee, ee. Magoti yalikuwa yanauma. Tukazunguka Rusinga, tukafika kwenye figa. Alishuka mpaka karibu na lile jiwe, akainama nusu, akasimama. Hakuweza kuliondoa. Si mbele ya macho yangu.

Basi nikageuza uso, nikatazama kule kwenye chai, kama mtu anayehesabu vikapu vya wachumaji. Nilitazama kwa muda mzuri. Mke wangu akaacha kupura maharage. Nilipogeuka, figa halikuwepo.